Kodiani Chini ya Kelele

Kaseti ilifika ndani ya bahasha ya sponji, imevishwa soksi ya mtoto. Ni C-60 ya kijivu, ganda lake halina skrubu hata moja, yaani limegundishwa kiwandani na ukitaka kulifungua sharti ulivunje. Upande wa kwanza una nyimbo 19. Zote kwa pamoja zinachukua dakika 11 na ushei. Upande wa pili ni nyimbo zilezile tena, kwa sababu mwenyewe aliona dhambi kuacha utepe mtupu.

Kwa mliofika hapa leo kwa mara ya kwanza: kazi yangu ni kuhamisha sauti kutoka kwenye kaseti na tepu za zamani kuziingiza kwenye kompyuta. Hapa Mombasa wateja wangu ni wa aina tatu: familia zenye taarabu za harusi, misikiti yenye mawaidha ya masheikh waliotangulia mbele ya haki, na watu walioachiwa sauti ya marehemu wao. Mara mojamoja anazuka wa aina ya nne. Huyu ni Mserbia, zamani mpiga dramu, siku hizi mhasibu, na ameniomba jina lake na la bendi yake nisiyaandike. Tulijuana kupitia fundi mmoja wa Vienna anayeniuzia mikanda ya mpira ya deki, yaani mashine ya kuchezea kaseti. Nilimwuliza mbona asiipeleke kaseti kwa mafundi wa kwao, wako wengi na ni hodari kuliko mimi. Akajibu kwamba wa kwao wote wangetaka kuisafisha.

Nilimwelewa papo hapo. Ukiisafisha kaseti hii hutabaki na kitu.

Najua wengi wenu mmezoea nikiongelea udi na fidla, kwa hiyo niseme kwanza huu ni muziki gani. Unaitwa graindikoo. Ni mtoto wa panki na metali, alizaliwa katikati ya miaka ya 1980, na alichorithi kwa baba ni hasira, kwa mama ni uzito. Wanaotajwa kwanza siku zote ni Napalm Death, vijana wa kijiji cha Meriden karibu na Coventry, Uingereza, walioanza 1981. Albamu yao ya kwanza, Scum, ilitoka 1987 ikiwa na nyimbo 28 katika dakika 33 hivi. Upande mmoja ulirekodiwa 1986, wa pili mwaka uliofuata, na hapo katikati bendi ikapukutika: aliyepiga pande zote mbili ni mtu mmoja tu, mpiga dramu Mick Harris. Mle ndani umo wimbo wa sekunde 1.316, ambao uliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa ufupi wake. Ng'ambo ya bahari, Marekani, Siege wa Massachusetts na Repulsion wa Michigan nao walikuwa wamesharekodi demo, na kanda zao zikawa zinazunguka dunia kwa posta, mtu akimnakilia mtu.

Yugoslavia nayo haikuachwa nyuma. Zagreb, ambayo leo iko Kroatia, walikuwako bendi ya Patareni, waliokuwa wanapiga muziki wa aina hii tangu miaka hiyohiyo ya 1980, na hadi 1991 Zagreb na Belgrade zilikuwa miji ya nchi moja. Nalitaja hilo kwa sababu litarudi kutusumbua huko mbele.

Sasa tuje kwenye sauti yenyewe, maana hapo ndipo pangu.

Moyo wa graindikoo ni mdundo wanaouita blasti. Chukua mwendo wa mapigo 200 kwa dakika. Kila pigo mpiga dramu analigawa mara nne: mguu, mkono, mguu, mkono. Hesabu yake ni vishindo 800 kwa dakika, zaidi ya 13 kwa sekunde moja. Kati ya kishindo na kishindo ni milisekunde 75. Jaribu kutamka "takatakataka" kwa kasi yote uliyojaaliwa. Ulimi utachoka na bado hujamfikia. Kisha kumbuka kwamba yule anatumia mikono na miguu, na upatu juu yake, na lazima amalize wimbo.

Dramu hizo sasa zitie kwenye chumba cha chini ya ardhi, kuta za zege tupu, ambamo kila sauti inabaki ikilia kwa nusu sekunde kabla haijafa. Kishindo cha kwanza hakijakata roho, vingine sita vimeshakipanda mgongoni. Ndipo hapo unaposikia ule mngurumo mmoja mzito usio na mwanzo wala mwisho, ambao mtu wa kawaida husema "hawa hawajui kupiga". Wanajua. Chumba ndicho kisichojua kunyamaza. Nilipopunguza kasi ya faili hadi robo, nikavikuta vishindo vimepangana kama shanga kwenye uzi, mkono wa kijana unachelewa kidogo tu kadiri wimbo unavyoendelea, na mwishoni kabisa anaharakisha ili awahi kufika.

Gitaa limelegezwa nyuzi hadi linaguna badala ya kulia. Mwimbaji hutumia mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti zenyewe, ile tunayoifunga tukikohoa au tukiinua gunia, anaipitishia pumzi nzito na kuitetemesha. Ukifanya vibaya unakaukiwa na sauti wiki nzima. Na juu ya yote hayo walirekodi sindano ya kipimo cha sauti ikiwa imelala kwenye wekundu tangu mwanzo hadi mwisho. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukiulisha sauti kupita kiasi hauwezi kuibeba, unaibana, na kinachopotea kwanza ni ule wembamba wa juu, mlio wa patu na makali ya herufi. Kinachobaki ni tope. Tope hilo lina ladha yake, na kuna watu leo wanalipa pesa nyingi kwa programu za kompyuta za kuliiga.

Nifungue mabano kidogo kabla Mkenya mwenzangu hajaniambia haya ni mambo ya huko kwao tu. Mwaka 2020 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, ambao graindikoo waliisokota pamoja na kelele za mashine. Sisi tukisikia jina hilo tunamwona yule mnyama mwenye mbio. Wao walilitoa kwenye Kikuyu, giza. Tofauti na huyu mteja wangu ni kwamba dramu za Duma zimepangwa kwenye kompyuta, na kompyuta haitoki jasho. Nilipomtumia mhasibu wangu akasikiliza, alisema kwamba angekuwa na mashine ile wakati wake angekuwa na mgongo mzima leo. Nafunga mabano.

Kwenye karatasi ya kaseti, kwa kalamu ya wino, umeandikwa mwaka: 1994. Ukiwa umeishi Serbia, mwaka huo hauhitaji maelezo. Kwa sisi wengine, hebu tuutazame.

Tarehe 30 Mei 1992 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 757 na kuiwekea vikwazo Yugoslavia iliyobaki, yaani Serbia na Montenegro, kwa sababu ya vita vya Bosnia. Biashara ilifungwa, ndege zikafungwa, mafuta yakafungwa, michezo ikafungwa. Na ndani ya azimio hilohilo, ushirikiano wa kiutamaduni na nchi nyingine ukasimamishwa. Sidhani kama kuna mtu pale New York aliyekuwa anawafikiria vijana wanne wenye gitaa la mkopo, lakini mlango ulipofungwa nao walikuwa ndani.

Kisha pesa ikafa. Serikali ilikuwa inachapisha noti kulipia vita na mishahara, na Januari 1994 mfumuko wa bei ulifika asilimia milioni 313 kwa mwezi. Hesabu yake ni kwamba bei zilikuwa zinarudufika kila baada ya siku moja na nusu hivi. Noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya dinari bilioni 500, ya mwaka 1993, na juu yake ilikuwa picha ya Jovan Jovanović Zmaj, mshairi wa Novi Sad ambaye watoto wa huko wanakariri mashairi yake shuleni. Mteja wangu anayo moja, ameichomeka ndani ya kasha la kaseti hii. Tarehe 24 Januari 1994 mchumi mmoja mzee, Dragoslav Avramović, alileta dinari mpya iliyofungwa kwa maki ya Kijerumani, dinari moja kwa maki moja, na kichaa kile kikatulia.

Sasa unapoelezwa kwamba bendi ilirekodi nyimbo 19 kwa alasiri moja, na kwamba hakuna wimbo uliorudiwa, usikimbilie kusema ni msimamo wa kisanii. Chumba kilikodiwa kwa maki, kwa saa. Nyuzi za gitaa ziliuzwa kwa maki. Nyuzi za besi hawakununua kabisa kwa miaka miwili: waliziondoa, wakazichemsha kwenye sufuria ili mafuta ya vidole na uchafu vitoke, wakazikausha na kuzirudisha, zikapata uhai kwa siku chache. Wapiga besi wengi duniani waliokosa pesa wanaujua ujanja huu. Ngozi ya dramu ndogo ilikuwa imezibwa kwa gundi ya karatasi, na nilipoambiwa hivyo nikarudi kusikiliza, nikakuta kweli, kuna mlio bapa kama wa kupiga sanduku la viatu ambao nilikuwa nimeulaumu utepe bure.

Umeme nao ulikuwa wa kubahatisha majira ya baridi, na petroli iliuzwa kando ya barabara kwenye chupa za soda. Kupeleka dramu mji wa pili ilikuwa ni safari ya kupangiwa wiki mbili. Kwa hiyo kwa miaka yao mitatu ya kwanza walipiga hadharani mara saba, na moja kati ya hizo ilikuwa sebuleni kwa mtu.

Mpiga besi wao wa kwanza hakuwahi kurekodi. Aliondoka 1991, vita vya Kroatia vilipoanza na wanaume wakawa wanasakwa nyumbani usiku kuitwa jeshini. Wengi wa rika lile walilala kwa jamaa na marafiki, leo hapa kesho pale, wasikutwe na karatasi ya wito. Wengine walivuka kwenda Hungaria na hawakurudi. Machi 1992 wanamuziki wa bendi tatu kubwa za Belgrade, Ekatarina Velika, Električni Orgazam na Partibrejkers, walipanda lori wakazunguka jiji wakiimba kupinga vita kwa jina la Rimtutituki. Mteja wangu hakuwaona. Alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa kwenye mji mdogo wa Vojvodina, kaskazini. Lakini anasema ile habari ya lori ndiyo iliyomfanya anunue fimbo za dramu kabla hajawa na dramu.

Bendi kama hii ilikuwa inaishi wapi basi, kama haiwezi kusafiri wala kuuza? Iliishi ndani ya bahasha. Hapa ndipo nikitaka ninaweza kuandika kurasa hamsini, kwa sababu ninaipenda sana sehemu hii.

Unarekodi kaseti moja, hiyo ndiyo mama. Unanakili kumi. Unamwandikia mtu wa Ubelgiji uliyemkuta kwenye jarida la fotokopi, unamtumia moja, yeye anakutumia yake. Ndani ya bahasha unajaza vikaratasi vidogo vya matangazo ya bendi nyingine, na yeye akimwandikia mwingine anavipitisha, kwa hiyo jina lako linafika Brazil kabla ya sauti yako. Stempu ni ghali, basi juu ya stempu unapaka sabuni au gundi nyembamba, mhuri wa posta unakaa juu ya sabuni, na barua inamalizikia kwa maneno yaleyale kila siku: nirudishie stempu zangu. Aliyezipokea anaziloweka, mhuri unatoka, stempu inarudi kazini. Kuna stempu moja ya ndege kwenye albamu ya huyu bwana ambayo anaamini ilivuka Ulaya mara sita. Shirika la posta linisamehe kwa kucheka.

Tatizo lilikuwa Zagreb. Simu kati ya Serbia na Kroatia zilikatwa 1991, na watu waliokuwa wanapanda treni asubuhi kwenda kwenye shoo na kurudi usiku hawakuweza tena hata kupigiana. Wanaharakati wa amani walipounda mtandao wa kompyuta wa ZaMir mwaka 1992, ujumbe wa kutoka Belgrade kwenda Zagreb ulikuwa unapitia Bielefeld, Ujerumani. Vijana wa graindikoo hawakuwa na kompyuta. Wao walimpata mama mmoja mwenye kibanda sokoni Szeged, Hungaria, ambako Waserbia walikuwa wanakwenda kununua sabuni na mafuta ya kupikia. Bahasha za Kroatia aliziposti yeye, za kutoka huko zikafikia kibandani kwake. Hakuwahi kuuliza ndani mna nini. Aliamini ni barua za mapenzi.

Narudi kwenye deki yangu.

Kitu cha kwanza ninachofanya na kaseti yoyote ni kupanga kichwa cha kusomea. Kila mashine iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake, na kichwa changu kisipoinama sawasawa na kile cha zamani, sauti nyembamba zinafifia. Kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa. Ninashika bisibisi ya saa, ninaizungusha kwa kadiri ya unywele huku nikisikiliza, na ghafla ni kama mtu amefungua dirisha: patu zinajitokeza, mwimbaji anapata meno. Kwenye kaseti hii dirisha lilifunguka nusu tu, lakini nikaanza kusikia maneno ya Kiserbia ambayo mwenyewe alikuwa ameyasahau.

Wimbo wa 19 ukakatika. Baada ya hapo zimebaki kama dakika 19 za utepe. Vijana hawakusimamisha mashine. Walichomoa maikrofoni wakaiacha iendelee kurekodi kimya, ili kilichokuwamo awali kifutike. Maana kaseti haikuwa mpya. Walikuwa wameziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi, kama tulivyokuwa tunafanya sote, na kurekodi juu ya kaseti ya dukani.

Mimi sina tabia ya kuzima mashine kabla utepe haujaisha. Nikaongeza sauti, nikavaa spika za masikioni, nikasikia mvumo. Ndani ya mvumo, mbali sana, kama redio ya jirani wa tatu, kodiani.

Sikio langu limelelewa na taarabu. Kodiani haiwezi kunipita. Wimbo ulikuwa wa mwendo wa kucheza, sauti ya mwanamke, na chini yake kinanda cha umeme cha bei rahisi. Ndio muziki uliotawala Serbia miaka ile, turbofolki, jina ambalo mwanamuziki Rambo Amadeus alilitunga kwa mzaha na likageuka kuwa kweli. Ulikuwa kwenye runinga, kwenye mabasi, kwenye harusi za majambazi waliotajirika kwa vita. Kwa vijana wa graindikoo hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya adui. Kumbe walikuwa wamerekodi juu yake, na yeye hakutoka.

Sababu ni ya kifundi tu. Kichwa cha kufutia cha mashine yao kilikuwa kimepinda kidogo, kikawa kinaacha ukingo mwembamba wa utepe bila kuugusa, mkonge mmoja tu kwenye mkeka. Kelele zinapokuwapo zinaufunika. Kelele zikinyamaza, unaonekana. Nilichukua deki ya pili, ile ninayoitumia kwa majaribio, nikashusha kichwa chake kwa sehemu ndogo ya milimita hadi kikawa kinasoma ule ukingo zaidi ya kitu kingine. Kodiani ikasogea karibu. Mwanamke akawa na pumzi. Niliketi nikasikiliza upande mzima, na katika zile dakika 11 za mwanzo yeye anaimba mapenzi huku vijana wanapigana na zege nyuma yake, na naapa kuna mahali wanapatana mdundo kwa sekunde nne.

Miaka yao ya mwanzo iliishia hapo karibu. Vikwazo viliondolewa rasmi Oktoba 1996, mpiga gitaa akahamia Kanada mwaka uliofuata, na waliobaki wakawa wanakutana kunywa tu. NATO ilipoanza kupiga mabomu tarehe 24 Machi 1999, mteja wangu alikuwa Novi Sad, ambako madaraja ya mto Danube yaliangushwa yote ndani ya wiki chache. Usiku wa mabomu ya nyuzi za grafiti, yale ya kukatia umeme, mwanzoni mwa Mei, sehemu kubwa ya nchi iliingia gizani, na anasema hicho ndicho kimya kikubwa kuliko vyote alivyowahi kusikia. Kuhusu kwenda kupiga muziki Ulaya Magharibi, mlango wa kwenda huko bila viza ulifunguliwa Desemba 19, 2009. Alikuwa ameshauza dramu.

Nilimwandikia kumwuliza kuhusu kodiani: niifute? Programu ninazo, ni kazi ya asubuhi moja. Nikamtumia sehemu ya dakika mbili aisikie. Alikaa siku tatu bila kujibu, nikadhani nimemuudhi.

Akajibu kwamba anataka faili mbili. Moja ya kelele, kama ilivyo, pamoja na tope lake. Ya pili ya kodiani peke yake, kadiri nitakavyoweza kuitoa, kwa sababu kaseti ile ilikuwa ya mama yake, aliichukua sebuleni bila ruhusa, na bibi huyo ana miaka 81 na hadi leo anaidai.